Wote Uliowaandika Shambani

Mwalimu,

Nimekaa kwenye kiti chako, na naogopa. Nianze na hilo, maana hukupenda mtu azungushe maneno. Kesho asubuhi wakaguzi wa ithibati wanaingia chuoni, watu wanne kutoka Nairobi, na mimi Mshai, karani uliyemfundisha kazi ya usajili kuanzia namna ya kushika stepla, ndiye nitakayewawekea mezani daftari lako la wahitimu. Chai nimeimwaga mara mbili, mara ya kwanza juu ya sketi yangu, mara ya pili juu ya barua ya askofu. Ya askofu nimeianika dirishani na kuiwekea kibanio cha nguo.

Tangu uondoke ni miezi saba. Bado siamini jinsi ulivyoondoka. Ijumaa ulinikumbusha nifunge dirisha la upande wa barabara kwa sababu ya mvua, Jumapili ukawa hospitali, Jumatano tukawa tunatafuta lori la kutupeleka Taita na jeneza lako. Sikupata hata nafasi ya kukuuliza ufunguo wa kabati la chuma uko wapi. Tuliupata baada ya wiki tatu, ndani ya kopo la Kiwi ya viatu. Hilo nimekusamehe.

Ofisi imebadilika kidogo. Mkuu wa chuo, Mchungaji Safari, ametuletea kompyuta mpya, nayo imekaa mahali ulipokuwa ukiweka redio. Rangi imepakwa darasa la chini, ile kijani uliyoipinga miaka yote, na kwa kweli ulikuwa na haki, wanafunzi wanaonekana wagonjwa. Muadhini wa msikiti wa nyuma naye amebadilika, huyu wa sasa ana sauti nyembamba. Kila adhuhuri nakukumbuka. Ulikuwa ukinyamaza katikati ya somo hadi adhana iishe, halafu unaendelea palepale, kwenye kitenzi ulichokiacha, na sisi tulikuwa tumeshasahau kiima ni nani.

Bi Mwanasha wa mahamri, pale mlangoni kwetu, alikuwa akikuwekea mawili pembeni kwa zaidi ya mwezi baada ya mazishi. Siku uliyofariki, nilipofika kumpa habari, aliniambia "Makiwa, mwanangu," akafunika beseni lake na asiuze tena siku ile. Leo asubuhi ameniona napita kama sioni, akaniita: "Mbona mato mekundu hivi? Ndoo ukae hapa kwanza." Nikamwambia wakaguzi wanakuja. Akauliza kama ni wale wa kaunti, ili aondoe meza yake njiani mapema. Nikasema hawa ni wa kukagua vyeti vyetu, kama chuo chafaa kuitwa chuo. Akanitazama sana. "Basi nyinyi mwaogopa nini? Si mwasomesha dini?"

Nilimuaga nikapanda ngazi. Jibu ninalo hapa, Mwalimu, na nalileta kwako kwa sababu ni wewe uliyeliandika.

Unakumbuka neno lako la mahafali. Kila mwaka ulisimama mwisho, baada ya askofu, ukasema maneno matatu tu: "Haya, nendeni shambani." Shamba la Bwana. Hakuna aliyewahi kuhitaji tafsiri. Hata mimi nilisimama pale na joho la kuazima, jasho linanitiririka mgongoni, nikaambiwa niende shambani na wenzangu. Na kwenye daftari lako kubwa, mbele ya jina la kila mhitimu, kwenye safu ya mwisho uliyoiita "Aliko", uliandika kwa ule mwandiko wako wa kuinama: shambani. Shambani. Shambani. Kurasa kwa kurasa, miaka kwa miaka.

Wakaguzi walipotuletea fomu zao, kulikuwa na sehemu ya matokeo ya wahitimu. Wanataka kujua waliosoma hapa wameishia wapi. Visanduku vitatu: anahudumu kanisani, anafanya kazi nyingine, hajulikani aliko. Ulikuwa umeshazikwa. Nikafungua daftari, nikaona neno lako, na nikafanya kosa ambalo mtu asiyekujua asingelifanya. Karani wa kuokota tu angeandika wote ni wakulima, na labda ingekuwa afadhali, wangecheka wakatuuliza. Mimi nilikujua. Kila "shambani" nikaipeleka kwenye kisanduku cha kwanza. Nilimaliza kazi yote kwa siku mbili nikajiona hodari. Mchungaji Safari alipoisoma alipiga meza kwa furaha, akasema hakuna chuo cha Biblia pwani nzima chenye wahitimu waliodumu katika huduma namna hii. Akatia sahihi. Nami nikatia yangu chini yake. Fomu ikaenda Nairobi.

Wiki mbili zilizopita jibu likaja. Wamependezwa, wanasema. Wamependezwa kiasi kwamba watachagua majina kwenye orodha yetu na kuyapigia simu wakiwa hapa hapa, mbele yetu.

Nikaona ni adabu niwatangulie, niwaambie wenzetu wasishangae wakipigiwa na namba wasiyoijua. Nikaanza na Yona wa kule kwetu Taita, yule aliyekuwa akiimba besi na kusinzia kwenye Kigiriki. Nikamwuliza, "Bado uko shambani?" Akasema, "Ndiyo, dada, hata sasa hivi nimo ndani yake. Kabeji mwaka huu zimekubali." Nikacheka. Nikasema hapana, shamba la Bwana, usharika wako uko wapi? Nikasikia jembe likitua chini. Akasema hajawahi kupewa usharika hata siku moja, na kwamba wewe ulilijua hilo tangu mwaka aliomaliza.

Nilikata simu nikafungua daftari upya, na kila "shambani" niliyoitazama ilikuwa inanitazama.

Nilipiga namba zote. Siku nane, wakati wa chakula, mlango umefungwa. Wengine wanahudumu kweli, tena vizuri, na hao walinipa nguvu ya kupiga simu iliyofuata. Wengine wanalima. Mmoja anafuga kuku, mmoja anafundisha hesabu shule ya msingi na amesahau hata alisoma nini kwetu. Simu moja ilipokelewa na mjane. Namba nyingine hazipo tena. Wasiokuwa kanisani ni wengi kuliko nilivyotaka, na karibu wote walisema jambo moja, kwamba Mwalimu alijua.

Kahindi hakupokea, basi nikamfuata. Nilisikia yuko bandarini Kilindini, nikapanda tuktuk hadi lango la malori. Wewe wamjua Kahindi, yule aliyehubiri darasani juu ya mwana mpotevu hadi na wewe ukavua miwani. Amevaa sare ya ulinzi, ana daftari la kuandika namba za magari. Aliniona kabla sijamwona, akageuka upande kama mtu aliyeitwa. Nilipomkaribia hakusalimu. Alisema, "Dada Mshai, usiniandike mlinzi. Mamangu kule Kaloleni ajua mimi ni mchungaji wa mabaharia. Picha ya mahafali ameitundika mlangoni."

Nikamwambia wakaguzi watampigia. Akasema asipopokea je? Nikasema wataandika hajulikani aliko. Akatazama malori, akasema, "Mwalimu alikuwa akinipigia kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Hata mara moja hakuniuliza nahubiri wapi. Aliuliza tu kama nimekula. Mwezi ule ulipopita kimya, nikajua tu. Sikuambiwa na mtu."

Nilirudi nikiwa nimekukasirikia. Niseme wazi, nimekukasirikia hadi leo. Miaka sita nimekaa mkono wako wa kushoto, umenifundisha kupanga faili, kuandika barua kwa askofu bila kumuudhi, kutofautisha muhuri wa mkuu na wa baraza, na hukuniambia kwamba safu ya mwisho ya daftari ni ya huruma. Ungeninong'oneza tu. Ulikuwa unawasitiri wao, wasionekane wameshindwa? Au ulikuwa unatusitiri sisi, chuo, tusionekane tunasomesha watu ambao makanisa hayawataki? Nageuza swali hili kila siku na sipati upande wa kulilaza. Nikisema uliwasitiri wao, nakupenda. Nikisema ulitusitiri sisi, naogopa kwamba mimi nami nimejifunza kazi hiyo hiyo, na kwamba nimeifanya kwa sahihi yangu.

Leo asubuhi nimemwambia Mchungaji Safari. Nilijikaza kisabuni, nikampelekea orodha mpya, iliyosahihishwa, kila mtu na alipo. Aliisoma amesimama. Halafu akakaa. Nilidhani atanifokea, na afadhali angenifokea, lakini alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mshai, shamba ni shamba. Neno ni lile lile. Wao walielewe watakavyo." Nikasema fomu yetu haikusema shambani, ilisema kanisani, na aliyeandika ni mimi. Akaenda dirishani. Chini, darasa la mwaka wa tatu walikuwa wanatoka. Akasema, "Tukinyimwa ithibati, hawa watapeleka wapi vyeti vyao? Umewafikiria?"

Nimewafikiria, Mwalimu. Sifikirii kingine. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu ananingoja kila siku ngazini, ananiuliza, "Dada, tutapita?" Hasemi mtihani, anasema sisi, chuo. Anatoka Mariakani, amebakisha muhula mmoja. Nikimwona nashuka kwa ngazi za nyuma. Nimekuwa mtu wa kula kona kwenye jengo langu mwenyewe.

Mchungaji Safari hakunikataza. Usimdhanie vibaya, ile karatasi aliisoma tena, jina kwa jina. Alinirudishia bila sahihi, akasema, "Mimi siwezi kuiwasilisha. Wala sitakuzuia. Ukiwa na la kusema kesho, utasimama wewe, useme." Akaongeza kwamba nikumbuke watakaoumia si wakaguzi.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Kesho wataketi chumba cha mikutano, chini ya picha yako, ile uliyopigwa ukiwa umekunja uso kwa sababu ya jua. Watafungua fomu yetu ya kwanza, iliyojaa wachungaji, na simu wameshika mkononi. Nikinyamaza, huenda wakachagua majina mazuri na tukapita, na nitaishi nikijua. Huenda wakachagua Yona, na tutaonekana waongo mbele ya mtu mwenye jembe. Nikisema, huenda wakafunga daftari, wakasema asanteni, na chuo ulichokipa maisha yako kikafungwa kwa ulimi wa karani wako. Kila njia ninayoipita naona mlango mwishoni, na nyuma ya kila mlango kuna msichana wa Mariakani.

Nimejaribu kuomba. Naanza "Baba yetu" nakuta nahesabu kurasa.

Saa sita na nusu, muadhini akiwa bado anaita, simu ilitetemeka mezani. Ni ujumbe wa Kahindi. Nakuandikia kama ulivyo: "Andika mlinzi. Jina langu liandike lote, na la baba. Mama nimemwambia jana." Hakuna kingine. Hakuandika mama alisema nini, nami sikuthubutu kuuliza.

Niliusoma nikalia, Mwalimu, kilio cha sauti, hadi Bi Mwanasha akapaza kutoka chini, "Kuna nini huko juu?" Nikamjibu ni vumbi la mafaili. Akasema vumbi gani hilo la kumliza mtu mzima. Hofu haikuondoka. Nilitaka kukuambia kwamba iliondoka, lakini ipo, imekaa hapa chini ya mbavu kama kitu nilichomeza kizima. Ila nimeona kwamba Kahindi alikuwa na la kupoteza zaidi yangu, naye amelisema kwa mama yake mzazi. Mimi nitalisema kwa wageni.

Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikarudi kwenye daftari lenyewe, maana orodha ya kompyuta haitoshi, watataka kuona asili. Sikufuta neno lako hata mahali pamoja. Chini ya kila "shambani" nimeandika alipo mtu, kama alivyonieleza mwenyewe. Yona Mwambingu, mkulima. Nimeandika na kabeji, aliomba niandike. Kahindi wa Katana wa Kenga, mlinzi wa lango. Wale wa kanisani, jina la usharika. Marehemu, marehemu. Nimekwenda hivyo ukurasa baada ya ukurasa, hadi nikafika mwaka wa darasa letu.

Jina langu ni la nne. Mshai Mwakio, Stashahada ya Theolojia. Aliko: shambani.

Nilikuwa sijawahi kuliangalia, amini usiamini. Miaka sita daftari liko mkononi mwangu na mstari wangu nilikuwa nauruka kama mtu anavyoruka dimbwi mbele ya mlango wake. Kwenye ile fomu ya Nairobi nimo pia, nahudumu kanisani, nimejiandika mwenyewe. Nimewapigia simu watu wote kwenye kitabu hiki kuwauliza wako wapi. Mimi sikujiuliza.

Mwaka ule nilimaliza wa kwanza darasani, na askofu akasema ningoje, makanisa hayajazoea mchungaji mwanamke, mwakani labda. Ukaniita nikusaidie kupanga faili wiki mbili, hadi watakaponiita. Hukuniambia kwamba hawataniita, wala sikukuuliza. Na jioni moja ya wiki hizo ulikaa kwenye kiti hiki ukaandika hilo neno mbele ya jina langu, nami labda nilikuwa hapo pembeni nakutobolea karatasi. Uliliandika kwa kuamini, au kwa kunionea huruma? Wengine wote nimeweza kuwauliza. Wewe huna namba ya kupigiwa.

Nimeukalia mstari huo muda mrefu kuliko yote. Halafu nimeandika chini yake: karani wa usajili, hajapewa usharika. Maneno hayo machache yameniuma kuliko wiki mbili zote hizi. Wino umekauka sasa.

Nikuage, Mwalimu. Kule uliko hakuna fomu, pumzika. Sijui kesho wakati kama huu chuo kitakuwa bado kimesimama au la, na sitajifanya jasiri kwako, uliyeniona nikitapika kabla ya mtihani wa Kiebrania. Lakini nakuahidi nitasimama, hata sauti ikitoka kama ya paka. Kisha, wakitupa ithibati au wakitunyima, Jumamosi ya kwanza nitakaa hapa na daftari nianze kuwapigia, wote, mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza kumwambia nilipo mimi atakuwa yule msichana wa ngazini. Nasikia viatu vyake vinapanda. Leo sitatoka kwa nyuma.

Karani wako,
Mshai